Kiprugut Ameitwa Makerere Akiwa Menjo

Shamba la Maziwa,
Posta ya Rongai,
Wilaya ya Nakuru.
Jumanne, 11 Machi 1958.

Mpendwa ndugu yangu Jonah,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Natumaini zitakukuta na afya, wewe na Chepkemoi na watoto, na kwamba ule mguu ulioteguka kwenye ngazi za posta umepona. Uliuandikia mguu huo kurasa mbili nzima hata nikafikiri umekatwa, kumbe ulikanyaga vibaya tu. Pumzika, lakini usijifanye mtu aliyerudi vitani.

Sisi tunaendelea. Mama kifua kimembana tangu baridi ya Krismasi, lakini bado anagombana na kila mtu juu ya kuni, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Mvua haijafika. Mawingu yanajikusanya upande wa Menengai kila alasiri, halafu yanakwenda zake, na bwana mwenye shamba ametuambia tungoje kupanda mahindi. Mimi bado ni nyapara wa boma la kukamulia. Maziwa yamepungua na bwana ananilaumu mimi kwa kukauka kwa majani.

Nije sasa kwenye habari ambayo najua ndiyo iliyokufanya uifungue barua hii haraka. Matokeo ya Kiprugut yamekuja, na amepita. Hesabu amepata alama ya juu kabisa, na yale mambo ya sayansi vilevile. Kiingereza amepita, ila kwa kuchechemea kidogo kama wewe. Mkuu wa shule yake ameandika kwamba katika darasa lote walioitwa kuhojiwa kwa ajili ya Makerere ni wachache, hawawezi kujaza benchi moja la kanisani, na mtoto wetu ni mmoja wao. Wazungu wa kuwahoji watakaa Nakuru siku moja tu, Alhamisi hii. Ni keshokutwa.

Habari ilipofika, mke wangu Cheptanui alipiga vigelegele mpaka wake za watu wakatoka majumbani. Mimi nilitafuta mahali pa kukaa. Maana Kiprugut yuko menjo, Jonah, na hawezi kutoka.

Umekaa kwa Waganda miaka mingi, watu wasio na mambo haya, na pengine umeanza kusahau, basi nikukumbushe. Kijana akishatahiriwa anaingia menjo, ile nyumba ya porini, pamoja na wenzake, na hakuna mwanamke wa kumwona, hata mama yake, mpaka siku ya kutoka. Kuna sherehe moja baada ya nyingine kabla ya siku hiyo, nao huzipita wote pamoja. Kama kidonda cha mmoja hakijapona, wote wanangoja. Anayetoka kabla yao hana wenzake tena maisha yake yote. Atakaa na nani, na siku ya kuoa nani atasimama naye?

Utaniuliza kwa nini tulimpeleka sasa. Lakini wewe mwenyewe ulimwona. Shule ilimchelewesha likizo baada ya likizo, mpaka vijana aliokuwa akiwafuta kamasi wakawa wanaume na yeye bado. Akikaribia walikuwa wananyamaza. Basi mwaka jana, mtihani ulipokuwa karibu, alinijia pale bomani akaniambia, "Baba, siwezi kwenda Makerere nikiwa mtoto." Ningemjibu nini? Na nisikudanganye, nilifurahi. Nilifurahi sana.

Tena tulipanga vizuri, na hapo ndipo panaponiuma. Kwanza ilikuwa aingie na watoto wawili tu wa jirani. Ndipo sisi wazee wa kanisa tukakaa, tukasema hapana, tukusanye watoto wa Kikristo wa mashamba yote ya upande huu, tuwe na menjo yetu isiyo na pombe, yenye maombi kila asubuhi, na iwe fupi, ili Januari ikiisha kila mtu awe amerudi kwenye shughuli zake. Tuliona ndio ushirika wenyewe. Tukaijaza nyumba. Sasa vijana wakiwa wengi namna hiyo hakosi mmoja wa kuchelewa kupona, jambo hilo hata mtoto anayechunga mbuzi angetuambia, lakini sisi tulikuwa tunaimba.

Aliyechelewa ni mtoto wa Jerop, yule mjane wa nyumba za kule kwenye josho la ng'ombe. Kidonda kilishika usaha, homa ikapanda, ikawa tunaogopa tutamzika. Wazee wa menjo walikataa apelekwe hospitali ya Nakuru kwa sababu wauguzi wa huko ni wanawake. Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Mwishowe walimkubali dresa wa zahanati ya shamba, kwa kuwa ni mwanamume wa kwetu na amepita mambo hayo, akawa anakwenda kumdunga sindano. Mungu amesaidia. Sasa kijana anakula, anakaa, anacheka. Dresa anasema labda wiki mbili, labda tatu. Unaona hali yenyewe? Si miezi. Ni wiki mbili au tatu, na mahojiano ni keshokutwa.

Jumamosi alikuja Mwalimu Naftaly, yule Mkikuyu wa Bahati aliyemfundisha Kiprugut kabla hajaingia sekondari. Alikuja kwa baiskeli, ingawa kwa Wakikuyu kupata ruhusa ya serikali ya kutembea bado ni taabu, kwa sababu alisikia kwamba mtoto amepita na hakuweza kukaa nyumbani. Nilimwomba anipimie nafasi ya Kiprugut bila kunipendelea. Mimi nikimtazama mtamba naweza kukuambia kama atakuwa na maziwa, lakini katika mambo haya mimi ni kipofu.

Aliweka kikombe chini. Akasema kwa hesabu hamwoni wa kumpita. Kwa Kiingereza cha kuandika wako wengi wa kumpita. Akanikumbusha kwamba Kenya nzima, na Uganda, na Tanganyika, wote wanasukumana kwenye mlango huo mmoja, na kwamba shule zenye jina zimekwisha kupeleka watoto wengi huko hata wazungu wanajua watapata nini kutoka kwao, lakini wetu hawamjui. Halafu akasema Kiprugut ana tabia moja nzuri, kwamba akiulizwa swali hajibu mbio, anatulia kwanza, na ukingoja unapata jibu ambalo hukulitazamia. "Hiyo karatasi haiwezi kuonyesha," alisema. "Wakimwona na macho yao, watamchukua. Wasipomwona, mzee, mimi sioni nafasi."

Basi ikanibidi nimweleze mtoto yuko wapi. Alijua alitahiriwa, lakini hakujua kwamba bado hajatoka. Kwao siku hizi vijana wa shule wanakwenda hospitali, na baada ya wiki mbili wako darasani. Akaniuliza kwa nia njema kabisa kwa nini nisimtoe asubuhi na kumrudisha jioni. Nilimweleza mpaka chai ikapoa. Aliponielewa alisema basi niwaambie wazungu kwamba ana malaria. Nikamwambia mimi ni mzee wa kanisa. Akasema malaria inashika hata Wakristo. Tulicheka, Jonah, halafu tukaacha kucheka.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kumwona mzee anayesimamia menjo. Unamfahamu, ndiye aliyetusimamia hata sisi, na bado ana macho yale yale. Nilimweleza Makerere ni kitu gani. Nilimweleza kwamba mtoto anataka kuwa daktari, na kwamba daktari wa kwetu mwanamume angekuwapo, mtoto wa Jerop asingefika hali ile. Nilidhani hapo nimempata. Alisikiliza vizuri sana, akauliza hata kama huko chuoni wanafuga ng'ombe. Ndipo akasema, "Micah, hii masomo naitaka kama wewe. Lakini nikitoa mmoja, hawa wengine nitawatoa namna gani, wakiwa wamepungua? Na yule mgonjwa nitamwambia nini?"

Nikamwomba basi nimwone mtoto.

Aliniruhusu. Wakamwita, akaja amejifunika ngozi, uso chini, sauti ya chini kama inavyotakiwa. Amekonda, na nimeona amekuwa mrefu, au labda ni mimi ninayepungua. Nilimwambia amepita mtihani. Niliona mabega yakitikisika chini ya ile ngozi, na sijui kama alikuwa anacheka au analia, kwa maana sikumwinua uso. Nikamwambia ameitwa Nakuru kuhojiwa kwa ajili ya Makerere. Nikafungua mdomo nimwambie ni lini.

"Baba," alisema, "siku usiniambie."

Nikamwuliza kwa nini.

"Ukiniambia nitahesabu. Nikitoka, nimewatupa hawa. Nikibaki, nitaanza kumchukia yule, na mimi ndio nalala karibu na yeye, mimi ndio namshikia maji. Siku usiniambie."

Basi sikumwambia. Nilimwekea mkono kichwani nikaondoka. Njiani nilijiona baba mwenye bahati kuliko wote wa Rongai, kuwa na mtoto wa namna hiyo, na kabla sijafika kwenye josho nilikuwa nimemkasirikia kabisa. Angejua siku, angeamua mwenyewe. Sasa siku hiyo ninayo mimi. Asipofika mbele ya wale wazungu, hakuna atakayesema Kiprugut alikataa. Ni mimi nilinyamaza.

Nikienda kumvuta kwa mkono, nitampata daktari asiye na ndugu. Nikimwacha, bwana amekwisha kuniambia hawezi kukaa na kijana mzima shambani bila kumwandikisha kazi. Amesema kwa wema, anafikiri ananifurahisha. Anasema kijana anayejua hesabu namna ile atamfaa sana kupima maziwa.

Na Cheptanui naye nisimsahau. Kila asubuhi anachukua maziwa yetu ya nyumbani, anampelekea Jerop, na Jerop anampa mlinzi wa menjo ampelekee mtoto wake. Wanawake wanamsifu kwa huruma. Juzi aliniambia kwamba hajui tena kama anampenda yule mtoto au anampenda wa kwake, akapangusa macho na kona ya leso, akaenda kuosha kibuyu. Jerop mwenyewe haji tena kanisani. Hakuna aliyemwambia neno baya, lakini anajua kwamba kila mtu akimsalimu anataka kuuliza kidonda.

Nimeamua Alhamisi niende Nakuru mwenyewe. Usinicheke. Sijui nitasema nini huko, lakini siwezi kukaa hapa nikitazama ng'ombe wakikamuliwa wakati jina la mtoto wangu linaitwa na hakuna wa kuitika. Barua hii naiacha wazi nije niimalizie.

Alhamisi jioni.

Nimerudi, basi naendelea.

Nilikwenda na lori la maziwa nikiwa nimevaa koti langu la harusi, ambalo sasa halifungi. Nilifika mapema mno. Vijana walikuwa wamekwisha kukaa kwenye baraza la ofisi ya wilaya, tai shingoni, nywele zimepasuliwa njia. Mmoja alikuwa akijisemea Kiingereza kimoyomoyo huku midomo inacheza. Nilikaa mwisho wa benchi. Askari alinijia akaniuliza, "Mzee, wewe unataka kazi ya bustani?" Nikamwambia nangoja kuitwa. Aliniangalia juu mpaka chini, akaniacha.

Wakaita mmoja mmoja. Wengine walitoka wanatabasamu, mmoja alitoka akaenda moja kwa moja mpaka barabarani bila kuchukua kofia yake. Kisha karani akasoma, "Kiprugut." Nikasimama. Karani akatazama karatasi, akanitazama mimi, akaitazama karatasi tena. Nikamwambia mimi ni baba yake, nami nikaingia kabla hajafikiri.

Walikuwa wazungu watatu. Yule mzee wa katikati anajua Kiswahili, tena kizuri kuliko cha bwana wetu. Alinisalimu, akaninyooshea mkono nikae. Akauliza mtoto yuko wapi.

Hapo ndipo nilipokwama, Jonah. Mambo ya menjo hayasemwi mbele ya wageni, unajua, na hata kama ningeamua kuyasema, ningeanzia wapi? Ile malaria ilinijia mdomoni, nikaimeza. Nikasema, "Mwanangu ni mzima, na angependa sana kuwa hapa. Lakini yuko mahali ambapo mtu hatoki peke yake."

Yule wa kushoto akauliza kama yuko kizuizini. Nikasema hapana, bwana, si kizuizi cha serikali. Wakatazamana. Naona nilipojaribu kumtoa kwenye shimo moja nilimtumbukiza kwenye lingine, kwa jinsi nyakati zilivyo. Nikaongeza haraka kwamba ni jambo la nyumbani, jambo la heshima, na kwamba baada ya wiki chache atakuwa tayari kujibu swali lolote. Nikauliza kama wanaweza kumngoja. Nilijua ni upumbavu wakati maneno yenyewe yalikuwa bado yanatoka. Kesho asubuhi wanaondoka kwa gari la moshi kwenda Eldoret.

Yule mzee hakucheka. Aliniuliza kama kijana ana ndugu wengine waliosoma, nikakutaja wewe. Aliandika kitu. Akasema watazitazama karatasi zake pamoja na za wengine, ila wale waliowaona ni wengi, na wazuri. Akanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Nikamwambia Rongai si mbali. Hilo ndilo nililopata kumwambia mwishoni, badala ya yote niliyokuwa nayo moyoni, kwamba Rongai si mbali. Karani akafungua mlango akaita jina jingine.

Cheptanui alikuwa akinisubiri pale lori linapogeuzia. Aliuliza wamesemaje. Nilimwambia walinipa kiti.

Sasa ndugu yangu, kuna jambo moja nakuomba, na ni kwa sababu sina mwingine wa kumwomba. Wewe uko hapo Kampala, kilima chenyewe unakiona ukienda kazini. Mguu ukishapona, panda ukaulize, kwa karani, kwa bawabu, kwa yeyote atakayekusikiliza, kama mtu ambaye hakuonekana anaweza kuingizwa bado, au kama wanaweza kumwita mwaka ujao. Usiseme yuko wapi. Sema tu ni mtoto wa ndugu yako na kwamba ni mwema. Najua watakuambia wanasikia hivyo kila siku. Sema hata hivyo. Na kile kitanda ulichosema umemwekea, nakusihi usimpe mtu kwanza.

Nisikuchoshe zaidi. Mama anakusalimu, na anauliza kama Waganda wana kuni. Cheptanui anamsalimu Chepkemoi na watoto, anawaombea usingizi mzuri, kwa kuwa yeye hana. Mwalimu Naftaly aliniambia nikikuandikia nisisahau jina lake. Msalimu pia kila mtu wa kwetu unayekutana naye kanisani huko. Mungu awatunze mnapotoka na mnapoingia, na asiwaweke mahali ambapo hamwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Kiprugut peke yake hana salamu kwako safari hii. Hajui kwamba nakuandikia, wala hajui kwamba leo ndiyo ilikuwa siku.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,

Micah